Jina la Arobaini na Saba

Mwalimu Nkwimba Luhende alivua kipuli sikioni, akakitia ndani ya kopo la chaki na kulifunika. Kipuli kikaendelea kunong'ona humo ndani kama nzi aliyefungiwa, kikitaja jina la kila mtoto aliyevuka mlango. Hakukisikiliza. Majina angeyapata mwenyewe.

Ilikuwa siku ya kwanza ya muhula katika Shule ya Msingi Mwandilo, na darasa la kwanza lilikuwa lake. Watoto waliingia wakiwa na sare zilizozidi mwili na viatu vilivyowabana. Nje, langoni, kulikuwa na duara jeupe lililochorwa chini. Kila mtoto alisimama ndani yake peke yake, akainua uso kulitazama jicho lililoning'inia juu ya nguzo, taa ya kijani ikawaka, akapita. Anayefuata. Taa ya kijani. Anayefuata.

"Unajitesa bure, Madam," alisema Mwalimu Mkuu, Gamaya Jilala, akiwa ameegemea fremu ya mlango. Kipuli chake kiling'aa sikioni. "Mimi nina watoto mia nane hapa, na tangu vipuli vije sijakosea jina la hata mmoja."

"Hujakosea, Mwalimu Mkuu. Ila hulijui hata moja."

Gamaya alicheka mpaka kitambi kikatikisika. "Haya. Utayashika lini?"

"Kabla ya kengele ya uji."

"Yote arobaini na sita?"

"Yote. Nikikosea moja, nitavaa kipuli mpaka muhula uishe, na sitalalamika."

Mwalimu Mkuu alitikisa kichwa, akaahidi soda akiweza, akaenda zake. Nkwimba alikunja mikono ya blauzi. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu kazini, na katika miaka hiyo alikuwa amejulikana wilaya nzima kama yule mwalimu kichwa ngumu wa Mwandilo asiyependa kunong'onezwa. Sifa hiyo haikumkera. Aliivaa kama mtu anavyovaa kitenge kipya.

"Shikamoo mwalimu," waliimba watoto.

"Marahaba. Sukumeni madawati ukutani. Leo tunasimama duara."

Waliposimama, aliwaeleza mchezo. Kila mtu angetaja jina lake, aseme alilipata wapi, kisha afanye kitendo kimoja kwa mikono, na darasa zima lirudie jina na kitendo.

"Naanza mimi. Mimi ni Nkwimba. Jina hili nilipewa na shangazi yangu." Akashika mwiko usioonekana, akasonga ugali usioonekana kwa nguvu zote, mabega yakipanda na kushuka.

"Nkwimba," waliitikia, wakasonga.

Aliyefuata alikuwa Holo, aliyeruka kama chura. Kisha Ndaki, mvulana mwenye pengo na maneno mengi, aliyejigonga kifua mara mbili na kusema jina lake lilikuwa la babu yake aliyewahi kumfukuza chui kwa chungu cha maharage. Kisha Mbuke, Tungu, Kwandu. Lugisha aliposhikwa na kilio na kushindwa kufanya kitendo chochote isipokuwa kufuta kamasi kwa mkono wa shati, Nkwimba alisema, "Lugisha," akafuta pua yake kwa mkono wa blauzi. Darasa zima likafuta pua. Lugisha akaacha kulia ili aone vizuri.

Msichana wa ishirini na moja alikuwa na kidevu kilichoinuka na kovu dogo la mkwaruzo gotini.

"Mimi ni Kulwa Salawi," alisema. "Jina langu... nimepewa na kuzaliwa." Akashika ungo hewani, akapepeta, akapuliza makapi kwa mashavu yaliyojaa pumzi.

Watoto walilipenda lile. Wakapepeta, wakapuliziana usoni. Nkwimba naye alipepeta, na kabla hajafikiri, ulimi ukamponyoka: "Na Doto tumemwacha darasa gani?"

Lilikuwa swali ambalo mtu yeyote wa Mwandilo angeuliza. Huko mapacha hawatafutiwi majina. Anayetangulia kuzaliwa ni Kulwa, anayemfuata ni Doto, wawe wa kike au wa kiume, na mtoto anayezaliwa baada yao ni Shija. Ukimsikia Kulwa, macho yanamtafuta Doto yenyewe.

Kidevu cha msichana kikashuka. Alitazama vidole vyake vya miguu ndani ya viatu vyenye vidirisha.

"Sina Doto," alisema.

Watoto wakaacha kupepeta. Hata Ndaki alifunga pengo lake. Nkwimba alishusha ungo wake wa hewani. Umegusa kidonda cha mtoto wa watu, alijiambia, na siku yenyewe ni ya kwanza. "Basi tunaye Kulwa, na Kulwa anatosha," alisema. "Anayefuata."

Kengele ya uji ilipogongwa, alikuwa amezunguka duara zima, bila kipuli, bila karatasi, akimgusa kila mmoja bega na kulitaja jina. Arobaini na sita. Mwalimu Mkuu alikuwa dirishani akihesabu kwa vidole.

"Soda yako ipo," alisema kwa shingo upande.

Lakini watoto walipotoka na vikombe vyao, Nkwimba alifungua kopo la chaki. Hakuwa na amani. Alikitia kipuli sikioni, akauliza kwa sauti ya chini, "Kulwa."

*Kulwa Salawi*, kilinong'ona. *Miaka saba. Mtoto wa kwanza kati ya wawili. Mdogo wake, Shija, mwaka mmoja.*

"Na waliofariki?"

*Familia haina marehemu.*

Alikivua tena, akabaki amekishika kiganjani. Daftari, lililonong'ona kupitia vipuli, halikuwa na tabia ya kufuta wafu. Lilianza baada ya miaka ya mafuriko, watu walipopoteza vyeti na hati na kila karatasi iliyosema wao ni nani, ikaamuliwa kwamba kuanzia hapo kila mtu atabeba cheti chake usoni. Jicho lilipima nafasi kati ya mboni na mboni, mteremko wa taya, mikunjo ya sikio, likavigeuza vyote kuwa namba moja isiyobadilika tangu utotoni hadi kaburini. Kwa namba hiyo mtu alitibiwa, alisoma, aliolewa. Uso mmoja, jina moja: ndivyo ilivyoandikwa juu ya kila lango la shule na zahanati. Mtoto akifariki, jina lake lilibaki palepale kwa rangi ya kijivu.

Hapakuwa na Doto wa kijivu. Kulikuwa na Kulwa, na baada ya Kulwa kulikuwa na Shija, na aliyelitengeneza Daftari, kwa kuwa hakutoka huku, hakuona kwamba katikati palikuwa na shimo.

*

Kabla ya chakula cha mchana aliwafundisha a, e, i. Waliziimba, wakazichora vumbini kwa vijiti. Kisha akaanza kuwasimulia kisa cha fisi aliyemeza ngoma harusini, ngoma ikawa inalia tumboni kila alipotembea, na alipofika pale fisi anapobisha hodi kwa daktari, akafunga mdomo.

"Mwalimu, ikawaje?" alilalama Kulwa kuliko wote.

"Mtajua baada ya kula. Nendeni nyumbani."

Walirudi saa nane. Duara jeupe, taa ya kijani, anayefuata. Wote arobaini na sita. Nkwimba alimaliza kisa: daktari alimpa fisi dawa, ngoma ikatoka, na fisi akaomba arudishiwe kwa sababu alishazoea kucheza. Aliwafundisha o, u. Halafu, kwa kuwa alikuwa na raha na hakuna linalomridhisha fundi kama kuitazama kazi yake mara ya pili, akawasimamisha tena duara.

"Naona kama mnafikiri nimesahau," alisema.

Alianza. Holo, chura. Ndaki, kifua. Mbuke. Tungu. Kwandu. Lugisha, na darasa likafuta pua kwa furaha, Lugisha mwenyewe akiongoza. Mkono wake uliruka bega hadi bega na majina yakatoka kama maji bombani, mpaka akafika kwa msichana wa ishirini na moja.

Mkono ukasimama hewani.

Uso ulikuwa uleule. Viatu vilikuwa vilevile vyenye vidirisha. Lakini jina lilikataa kutoka. Alilifikisha kwenye ulimi, likarudi. Yule wa asubuhi alikuwa amesimama kama mtu anayesubiri kushangiliwa. Huyu alikuwa ameviweka viganja vyake ndani ya kwapa, mabega yamekusanyika, na macho yake yalikuwa yakimtazama Nkwimba kwa hofu na kwa kitu kingine ambacho kilikaribia kuwa ombi.

"Mwalimu kasahau," alinong'ona Ndaki, akasikika darasa zima.

"Sijasahau. Nionyeshe kitendo chako, mwanangu."

Msichana alitoa mikono kwapani. Akaangalia kushoto na kulia kama mtu aliyeingia nyumba ya watu. Mwishowe aliikusanya mikono mdomoni, kama anayeita kitu cha mbali, lakini hakutoa sauti.

"Siyo hicho," alisema Ndaki. "Wewe ulipepeta. Mwambie, mwalimu. Alipepeta."

"Ndaki, wewe asubuhi ulijigonga kifua mara mbili, sasa hivi umejigonga mara tatu. Nimesema kitu?"

Darasa lilicheka. Nkwimba aliruka lile bega bila kulitaja jina, akaendelea hadi mwisho. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasorobo. Aliwatoa nje wakacheze, akamshika yule msichana mkono na kumbakisha.

Alichuchumaa ili macho yao yawe sawa. "Mimi sitakupiga wala sitakufukuza. Unaitwa nani?"

"Nimeambiwa nikiulizwa niseme Kulwa."

"Na usipoulizwa?"

"Nyumbani kuna tangi la maji. Likiwa tupu, natia kichwa naliita jina langu. Linaitikia."

"Linaitikia nani?"

Aliangalia jicho la darasa lililokuwa juu ya ubao, jeusi, dogo kama punje ya mtama. Halafu akasogeza mdomo mpaka sikioni mwa mwalimu, katika sikio lisilo na kipuli.

"Doto," alisema.

*

Mama yao alikuwa nyuma ya uzio wa shule, kwenye kivuli cha mashine ya kukoboa mpunga. Mgongoni alibeba mtoto aliyelala. Kando yake, juu ya gunia la pumba, aliketi Kulwa peku, kovu gotini, akiwa amevaa gauni la nyumbani. Alipomwona Nkwimba anakuja na Doto, mama alisimama kama anayetaka kukimbia, kisha akaona haina maana.

"Mwadila, mayu," Nkwimba alimsalimu kwa lugha ya nyumbani, akimwita mama.

"Mwadila." Sauti ilikuwa kavu. "Mimi ndiye Wande, mama yao. Usiwalaumu watoto, mwalimu. Ni mimi."

"Sijaja kulaumu. Niambie tu."

Wande alimpangusa mtoto wa mgongoni mate yaliyomtiririka shavuni. "Nilijifungulia zahanati. Muuguzi alimweka Kulwa mbele ya jicho, taa ya kijani. Akamweka Doto, taa nyekundu. Mashine ikasema, huyu tayari yupo. Muuguzi akajaribu tena. Tayari yupo. Akaniambia, mapacha wengi inawatenganisha kwa masikio, hawa wako wamefanana hadi masikio. Nenda ofisini."

"Ukaenda?"

"Baba yao alikwenda na Doto, Kulwa alikuwa na homa. Wakamwambia, mtoto wako yupo, unataka nini tena? Alipokwenda mara ya pili wakamwandikia onyo, kwamba anajaribu kumsajili mtoto mmoja mara mbili. Tukirudi tena uso utafungwa. Uso ukifungwa, mwalimu, wote wawili hawana dawa, hawana shule. Tangu siku hiyo hatujawaacha wasimame pamoja mbele ya jicho lolote. Mmoja akitoka, mwingine anabaki ndani. Chanjo walichoma mkono wa Kulwa, nikarudi siku nyingine na Doto wakasema ameshachomwa. Doto nilimwombea tu."

Nkwimba aliwatazama wale watoto. Kulwa alikuwa amemvuta mwenzake kwenye gunia na walikuwa wakinong'onezana haraka haraka.

"Wanasemaje?"

"Wanabadilishana shule," alisema Wande, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo. "Mwingine atajuaje?"

"Fisi alimeza ngoma harusini," Kulwa alikuwa akisema. "Haya, niambie alipobisha hodi."

"Daktari alimpa dawa. Lakini kwani alimeza kwa nini?"

"Njaa. Wewe una herufi gani?"

"O na u."

"Mimi nina a, e, i. Nipe o."

Doto akachora duara kwenye vumbi la pumba. Kulwa akaliangalia, akachora lake pembeni.

Nkwimba aligeuka kidogo ili mama asimwone macho. Alikuwa amejisifu asubuhi nzima kwa kuwajua watoto wake, na huyu mmoja alikuwa amekaa nyuma ya mashine ya mpunga akisubiri zamu ya jina.

"Mayu," alisema, "saa kumi nasimama mbele ya jicho la darasa kutoa kauli ya siku ya kwanza. Nasema nawajua wote walio wangu kwa uso na kwa jina. Nikimtaja Kulwa peke yake, nitakuwa nimedanganya. Lakini watoto ni wako. Ukisema ninyamaze, nitaiumba kauli yangu kwa namna nyingine, na siri yako nitakaa nayo."

"Ukisema, watafungiwa?"

"Huenda. Sitaki kukudanganya. Ipo kanuni ya siku ya kwanza tu, iliwekwa kwa watoto wa wafugaji wanaotoka mbali. Mtoto asiyemo kwenye Daftari anaingizwa kwa ushahidi wa watu watatu waliomo, wasio ndugu zake. Baada ya saa kumi mlango unafungwa mpaka mwakani."

"Na wakikataliwa?"

"Hapo sijui."

Mashine ya mpunga ilikoroma, ikatulia. Wande alimgeukia Doto, siyo Kulwa.

"Mwanangu, umesikia. Unasemaje?"

Doto alitazama duara lake vumbini. Kulwa ndiye aliyejibu, kidevu juu.

"Mimi sitaki mwanzo wa kisa tu," alisema. "Nataka na mwisho. Na yeye apewe mwanzo."

*

"Hapana," alisema Mwalimu Mkuu Gamaya. Alikuwa amefunga mlango wa ofisi. "Hapana, Madam. Unajua yule mwenzetu wa ng'ambo ya mto? Alimshuhudia mtoto, ikaonekana ana jina jingine huko alikotoka. Alikula benchi miaka miwili. Cheti kilifungwa."

"Yule hakumjua mtoto wake. Mimi namjua wangu."

"Waache waje kwa zamu. Mmoja asubuhi, mmoja mchana. Nani atajua?"

"Mimi."

Gamaya alikaa, kiti kikalia. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa umezoea kukaa. "Mashahidi watatu. Wewe mmoja. Mama ni ndugu, hahesabiwi. Walimu wengine wamekwenda kwenye mkutano wa kata, na mimi..." Aligusa kipuli chake. "Nina miaka miwili nistaafu, Nkwimba. Usiniombe hilo."

Hakuwa amemwita Madam. Nkwimba aliliona hilo akaliheshimu.

"Nisomee kanuni basi. Shahidi awe na umri gani?"

Mwalimu Mkuu alifumba macho, akasikiliza mnong'ono sikioni. Alipofumbua, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshtuliwa usingizini.

"Haikutaja umri," alisema.

*

Saa kumi kasoro dakika kumi. Watoto walikuwa wamesimama duara, madawati ukutani. Nkwimba alisimama chini ya jicho, akaliinulia uso, punje ya mtama ikawaka rangi ya manjano.

*Kauli ya siku ya kwanza*, lilisema Daftari kutoka kwenye spika ya ukutani, kwa sauti ya mtu asiye na haraka. *Mwalimu Nkwimba Luhende, taja walio wako.*

Alitaja. Hakusoma popote. Kila jina lilipotoka, mtoto alifanya kitendo chake, na Daftari likajibu *yupo*. Alimruka Kulwa, aliyekuwa amesimama katika sare, viatu amerudishiwa, mpaka wote walipokwisha. Ndipo akafungua mlango.

Wande aliingia na mtoto mgongoni. Mkononi alimshika Doto, peku, katika gauni la Kulwa la nyumbani. Doto alikwenda akasimama kando ya dada yake.

Duara likavunjika. "Wapo wawili," alisema Ndaki, na pengo lake likabaki wazi. "Mwalimu, kumbe hukusahau."

"Nilikwambia."

Jicho likawa jekundu. *Uso mmoja umeonekana mahali pawili. Mwalimu, taja aliye wa kweli. Kulia, au kushoto.*

Mkono wa Wande ulikuwa umelifikia bega la Doto, tayari kumvuta. Hapa ndipo yule wa ng'ambo ya mto alipopotezea cheti chake, mbele ya taa kama hii. Neno moja, kulia, lingemaliza yote. Kulwa angebaki na shule yake, na mwalimu angebaki na kazi.

"Kulia ni wa kweli," alisema. "Na kushoto ni wa kweli."

*Jibu halimo kwenye orodha. Kulia, au kushoto.*

"Kuna mtoto asiyemo kwenye Daftari. Namwingiza kwa kanuni ya siku ya kwanza. Shahidi wa kwanza ni mimi, na ushahidi wangu ni huu. Soma watoto wa mama aliyesimama hapa."

*Kulwa. Shija.*

Nkwimba aliwageukia watoto. Alishika mwiko usioonekana, kama asubuhi, ili wajue huu ulikuwa mchezo uleule.

"Darasa. Akizaliwa Kulwa, anafuata nani?"

Walimtazama kama mtu aliyewauliza baada ya moja inakuja ngapi.

"Doto," walisema.

"Na Shija anazaliwa baada ya nani?"

"Baada ya Doto." Hata Lugisha alisema. Tungu aliongeza, kwa kumhurumia mwalimu aliyeonekana hajui mambo, "Huwezi kuwa Shija kama hakuna Doto. Hata bibi anajua."

"Kila anayemwona Doto kwa macho yake sasa hivi, atamke jina lake mwenyewe mbele ya jicho, aseme anamwona."

"Mimi ni Holo, namwona," alisema Holo, akaruka chura kwa mazoea.

"Mimi ni Ndaki. Namwona. Asubuhi hakuwepo, alikuwepo mwingine aliyepepeta. Niliwaambia siyo hicho."

"Mimi ni Mbuke, namwona."

Wakaenda mmoja baada ya mwingine, wote isipokuwa Kulwa ambaye ni ndugu, kwa sauti za nguvu, kwa sauti za kwikwi, kwa vitendo na bila vitendo. Daftari lilikuwa likiwajua wote. Lilikuwa limewapima mboni na mataya tangu walipozaliwa, na sasa halikuweza kusema haliwafahamu. Nkwimba aliwasikiliza. Watoto wake wa siku moja. Kila jina alilijua kabla halijatoka.

*Mashahidi arobaini na sita wamepokelewa*, lilisema Daftari. Nyekundu ilibaki palepale. Saa ya ukutani ilikuwa na dakika moja kabla ya saa kumi.

Mlangoni mtu alikohoa.

"Mimi ni Gamaya Jilala, Mwalimu Mkuu," alisema yule mtu, kipuli kiganjani. "Namwona. Arobaini na saba. Na umwandike haraka, muda unakwisha."

Punje ya mtama ikapepesa. Nyekundu, manjano, nyekundu, manjano. Ikatulia kwenye manjano.

*Nafasi imefunguliwa. Itahakikiwa ndani ya siku tisini. Cheti cha mwalimu kimewekwa dhamana kwa siku tisini. Mwalimu anakubali?*

"Anakubali," alisema Nkwimba. Siku tisini angekuja kazini akiwa ameinua kichwa, na wangekuja hao wahakiki kuhakiki, wangewakuta wote wawili wanasoma a, e, i, o, u kwa mpangilio.

*Taja jina la mtoto.*

Nkwimba alirudi nyuma hatua moja, akamwachia Doto nafasi chini ya jicho.

Msichana alisogea mbele, vidole vya miguu vikikanyaga sakafu ya saruji kwa tahadhari. Alimtazama mama yake. Alimtazama Kulwa, ambaye alikuwa ameshika ungo wake hewani, tayari kupepeta. Kisha akaikusanya mikono mdomoni, kama mtu anayetia kichwa ndani ya tangi tupu, na safari hii akatoa sauti.

"Mimi ni Doto."

Watoto arobaini na sita wakaweka mikono midomoni mwao, na darasa zima likaitikia.